Nyuso Ulizonitengenezea

Mwanangu Rahma,

Assalaam alaykum. Umekwenda Amani kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka ule, kwa hivyo nna muda hadi Magharibi. Nimekaa dirishani kwenye meza yangu ya kupakia rangi, ambayo tangu uanze upigaji picha wako imekuwa si meza yangu tena. Nimesogeza karatasi yako ngumu ya manila, nimesogeza kopo la maziwa unalosimamishia simu, nimesogeza na foronya yangu nyeupe ya harusi uliyoigeuza ya kurudishia mwanga bila ya kuniomba, ndio nikapata pa kuweka karatasi. Utaona mistari inapanda na kushuka. Usinicheke, na wala usinihurumie. Hilo la pili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Sikuandikii habari za kula wala za kulala wala za watu wa Dar. Una miaka ishirini na nne, na hayo nshakwambia jana na juzi, ukawa unaitikia "naam, mama" huku uso uko kwenye simu. Nshachoka kuyarudia. Nataka kusema jambo moja tu, na mimi kusema jambo moja likawa moja najijua siwezi, kwa hivyo vumilia.

Hebu nianze na Jumamosi. Ulikuwa jikoni, hukuyaona yote.

Bi. Leila alikuja kutoka Jambiani kuchukua vijitu vya mbao kumi vya mwanzo katika vile thelathini alivyoagiza kwa ajili ya hoteli yake. Wanawake wa mwani, kila mlango wa chumba na kijitu chake. Nilikuwa nimevipanga mezani safu moja, kila kimoja urefu wa kidole cha kati, Mzee Makame kavichonga vizuri kama kawaida yake, na mimi nimevipaka: kanga kiunoni, kikapu cha mwani kichwani, uso. Nimekaa kusubiri sifa zangu. Yeye akatoa simu yenye picha ulizomtumia, akaiweka kando ya kijitu cha kwanza, akatizama huku, akatizama huku. Kisha akaniuliza kwa adabu, na adabu yake ile ndiyo iliyoniudhi, "Bi. Zuhura, samahani. Hawa kapaka nani?"

"Nimepaka mimi. Nani mwengine?"

"Na wale wa kwenye picha?"

"Ndio hawahawa."

Akavua miwani yake ya kusomea akanipa. Nikaivaa kwa kumridhisha tu, maana ni mteja, na mteja ukitaka akulipe unamvumilia na mambo yake. Lo. Jicho moja limepanda hadi kwenye nyusi, jingine limeshuka shavuni. Mdomo umemwagika mpaka kidevuni. Kuna mmoja kope zake nimezipaka kwenye mtandio. Kumi wote wako hivyo, Rahma, wamekaa safu moja kama watu waliotoka kupigwa makofi.

Unajua nilisema nini? Nilisema picha imekosea. Nilimwambia mwanamke wa watu kwamba simu za siku hizi hazina maana. Nikaichukua ile simu nimuoneshe makosa yake, na miwani bado ninayo usoni, nikawaona wanawake wa mwani wazuri wa kupendeza, macho yamekaa sawa, midomo imetulia. Na wote wana jicho moja. Si kwamba yanafanana. Ni jicho lilelile, na kinukta chake cheupe palepale, na kope ya tatu imejikunja vilevile. Jicho lile nalijua, nimelipaka mimi miaka miwili nyuma kwenye kile kijitu cha bibi harusi ulichokipenda. Wewe umelikata kwenye picha yake ukawabandika wakulima wa mwani wote, kulia na kushoto.

Nikakuita. Ukaja na mwiko mkononi, ukaiona miwani usoni pangu, ukajua. Ukasema mbele ya Bi. Leila, "Nilikuwa nakuonea huruma, mama."

Wallahi ungeniambia umefanya kwa tamaa ningekasirika kidogo tu. Tamaa naifahamu. Lakini mwaka mzima umekaa chumba cha pili ukinionea huruma, na mie huku najisifu. Kila ukinionesha picha nilikuwa nasema, tizama, mkono wangu bado uko vilevile. Nimewatumia mpaka shoga zangu. Na wewe ukanitizama nikizituma. Na yule mteja aliyerudisha kisanduku cha vijitu, ukaniambia vimevunjikia njiani, mie nikamlaani mtu wa posta siku tatu. Huyo mtu wa posta nani atamuomba radhi?

Sasa nisikuonee. Kazi yenyewe unaijua, na nilikuwa nakusimanga huku nafaidika. Mwanzo tulikuwa tukipiga picha mbovu sisi sote wawili. Tuliwapandisha juu ya paa saa sita mchana, kila kijitu kikawa na kivuli cheusi puani kama masharubu. Tukawateremsha ukumbini chini ya taa, wakatoka wa manjano wote kama wana homa. Ukawasha taa ya simu, vanishi ikang'ara, uso ukapotea. Ni wewe uliyegundua dirisha hili, asubuhi kabla jua halijafika upande huu, na shuka jembamba limetundikwa mbele yake. Ni wewe uliyeikunja manila nyuma yao isiwe na kona. Ulilala kifudifudi sakafuni ili simu iwe sawa na macho yao, na mie nikawa nakuruka nikipita na ndoo, nalalamika.

Kisha ikaja hiyo programu yako ya kompyuta. Ulinionesha jinsi kipande cha vumbi kinavyoonekana kikubwa kama jiwe ukikivuta karibu, na jinsi unavyokifuta. Hilo nililipenda. Vumbi si langu, liondoe. Ulinionesha kanga ya kijani ambayo taa imeigeuza rangi, ukairudisha mpaka ikawa kijani ileile niliyoichanganya mimi kwa mkono wangu, nikasema huyu mtoto ana akili. Ile ilikuwa kazi ya kufanya picha ifanane na kitu. Jicho la bibi harusi ni mambo mengine, na wewe unajua ni mambo mengine, maana ulikuwa ukilifanya mlango umefungwa.

Nilitaka niishie hapa, nimekasirika na nna haki yangu. Lakini siwezi, kwa sababu mimi nimelifanya hilohilo kabla hujazaliwa, na hujapata kunisikia nikilisimulia. Wewe unajua tu kwamba niliacha kuwapaka maharusi piko, ile rangi nyeusi ya maua. Nilikwambia nilichoka kukaa chini. Sikuchoka kukaa chini.

Nilikuwa na umri kama wako. Bibi harusi mmoja wa Kikwajuni aliniita nimpake, mikono na miguu, na mie wakati ule mkono wangu unasifiwa mji mzima. Nikawa napaka huku nazungumza, unanijua. Kijiti kikateleza, tone la piko likaanguka hapa juu ya kifundo cha mkono, na piko likishakaa halifutiki. Ningesema, "Samahani, mwenzangu, nimekutia doa." Maneno yenyewe ni hayo tu. Badala yake nikalizungushia doa petali, nikalifanya ua kubwa jeusi, nikamwambia ndio mtindo mpya, umekuja kutoka Maskati. Akafurahi. Akasema basi nipake na mkono wa pili vivyo hivyo. Ningefanyaje? Nikapaka. Akasema na miguu. Nikapaka na miguu. Alitoka pale na maua yale kama mende wanne weusi mwilini mwake, akaenda kukaa mbele za watu, na ukumbini mlikuwa na jamaa zake waliotoka Maskati kwelikweli. Wakamuuliza huo mtindo kausikia wapi.

Aliingia fungateni nao, na wakakaa naye zaidi ya wiki mbili. Nikawa napita njia za nyuma nisikutane naye. Tulipokutana Darajani mwishowe, nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Aliniambia, "Ungeniambia ni doa ningecheka, dada. Tungetia pambo dogo juu yake tukacheka." Basi. Akaenda zake na kikapu chake. Toka siku ile kila nikishika kijiti nilikuwa nakirudisha chini, mpaka nikahamia kwenye vijitu, ambavyo havisemi.

Kwa hivyo usidhani nimekaa juu kwenye kiti nakuhukumu.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Mie nilijua. Nisikilize vizuri: nilijua macho yangu yanaharibika. Sindano ilianza kunishinda kutia uzi, nikalaumu uzi. Nikabadilisha brashi, nikabadilisha balbu, nikamgombeza Mzee Makame kwamba nyuso anachonga ndogo kuliko zamani. Picha zako nikasema zina ukungu, simu yako mbovu, rudia. Siku moja nilikufanya urudie mara kumi na moja picha ya kijitu kimoja. Mara ya kumi na moja ukaweka simu chini ukasema taratibu, "Mama, hebu twende tukapime macho."

Nilifanya nini? Nilikununia siku mbili. Chai nilikuwa nakutengea bila ya neno. Wewe siku ya tatu ukaja ukasema simu kweli ilikuwa na tatizo, umeirekebisha, na picha imetoka nzuri. Mie nikachangamka, nikakupikia mkate wa kumimina, yakaisha. Sasa ndio naelewa simu haikuwa na tatizo lolote. Siku ile ndiyo uliyoanza kulikata jicho la bibi harusi. Nilikufundisha mwenyewe kwamba ukweli unakugharimu siku mbili za kununiwa na uongo unakupa mkate wa kumimina, halafu Jumamosi nasimama mbele ya mgeni nakuuliza umejifunza wapi mambo haya.

Nisamehe kwa hilo. Kukwambia uso kwa uso lilinishinda, nimejaribu jana mara mbili nikaishia kuuliza kama umefua.

Jumapili ulizitoa nguo zako begini. Ukasema huendi tena Dar, wenye kazi watatafuta mpiga picha mwengine, na wewe utabaki hapa unipakie nyuso, mie nipake nguo tu. Nilikupigia kelele mpaka jirani akafungua dirisha. Samahani kwa kelele, lakini maneno yenyewe siyarudishi. Kazi hiyo umeitafuta tangu umalize skuli. Sikukuzaa uje uwe jicho la mtu. Na nyuso zako, Mungu anisamehe, unapaka vibaya kuliko mimi kipofu.

Basi Jumatatu nikaenda kwa daktari wa macho peke yangu, nikarudi nikakwambia kaniandikia miwani tu. Ukapumua. Nilikuona ukipumua. Ukazikunja nguo ukazirudisha begini, na Alhamisi nikapiga picha vile vijitu kumi mwenyewe, kwa simu yangu, hapa dirishani, bila ya kugusa kitu, nikamtumia Bi. Leila, ambaye Jumamosi aliviacha akataka picha za kweli ili afikirie, nikamwambia hivi ndivyo vilivyo. Nikajiona mkweli, nimemaliza.

Leo ulipotoka nimeifungua kompyuta yako. Ndio, bila ya kukuomba, tumelingana sasa. Nilitaka kuliona jicho lile la bibi harusi likiwa kubwa, na kwenye kioo ukikuza mie naona. Ulinionesha mwenyewe jinsi ya kukuza. Nikapapasa nikafungua mahali ambapo umepaita "Asili," nikadhani ni picha za miti ya Jozani ulizopiga ile siku mlipokwenda na wenzio. Kumbe ni picha zangu zote kabla hujazigusa. Hukufuta hata moja.

Nimezitizama moja moja, kwa mpango wa siku ulizozipiga. Mwanzo macho yamekaa sawa. Kisha jicho la kushoto linashuka kidogo, mtu angesema ni mtindo. Kisha mdomo unapinda. Kisha rangi ya midomo inatoka nje ya mstari, na kanga bado nzuri, kwa sababu maua ya kanga ni makubwa. Kisha zinafika hizi za mwani. Nilikaa hapa na miwani yangu nikayatizama macho yangu mwenyewe yakiondoka. Na nikafahamu kwamba wewe uliyatizama hivyo hivyo, wiki baada ya wiki, yanakwenda, na ukanyamaza, ukatoka chumbani ukaniambia "picha nzuri, mama." Hukuwa na wa kumwambia. Baba yako, Mungu amrehemu, hayupo, na mie ndiye mwenye kununa.

Nililia, Rahma. Shuka lako la dirishani nimelifutia machozi, kwa hivyo ukiliona lina madoa usitafute paka.

Nilipomaliza kulia ndio nikaona nilichokufanyia Jumatatu. Nilikutengenezea picha ili uende. Sasa chukua ile ya asili, na ukae chini kwanza.

Daktari kaniandikia miwani ya jicho la kulia. La kushoto lina mtoto wa jicho, limekomaa, lazima lipasuliwe, na kaniwekea Jumatano ijayo. Pia kasema kuna presha ndani ya jicho hilohilo, kwa hivyo hakuniahidi kitu. Nilimuuliza mara mbili, "Nitaona sawasawa?" Mara zote mbili kanijibu, "Tutajaribu, mama." Shangazi yako anajua, nimempigia simu nikamkataza kukwambia leo, na atalala hapa kwangu wiki nzima. Bi. Leila naye kajibu jana. Hawataki wale kumi. Kasema ataningoja mpaka baada ya upasuaji, akiona nyuso zimerudi ataendelea, zisiporudi atatafuta mtu mwengine. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi nisingengoja.

Nimefikiria sana kama nikupe barua hii leo au nikutumbukizie begini uisome ukishafika Dar. Ya pili ingekuwa rahisi, boti ingekuwa imeshaondoka. Nimeona huo nao ni ua jeusi tu. Kwa hivyo nitakukabidhi mkononi ukirudi kutoka Amani, nami nitakaa hapahapa kwenye kiti mpaka umalize kuisoma, na sitanuna, hata ukinigombeza. Nigombeze. Nna deni la siku mbili.

Lakini usizitoe tena zile nguo. Nnakwambia ukweli ili uujue, sikwambii ili ubaki. Ukibaki utakuwa umenifundisha kwamba nikikwambia kweli nakuharibia maisha yako, na mie nitarudi kukuficha, na wewe utarudi kufunga mlango, tutazeeka humu ndani tukitengenezeana picha. Nenda ukafanye kazi yako. Jumatano jioni piga simu, uulize, nami nitakwambia nilivyo. Kama naona nitasema naona. Kama sioni nitasema sioni, na utanisikia nikilia, na utavumilia, na Alhamisi asubuhi utaamka uende kazini.

Radhi zangu unazo, zimekutangulia kabla ya boti. Naogopa, Rahma. Naogopa sana. Boti ni kesho saa moja asubuhi, tutoke hapa saa kumi na mbili.

Mama yako,
Zuhura